Ndoa ya Mtihani

"Inua sauti, bwana harusi. Mimi niliyekushika mkono sijakusikia, seuze waliokaa nyuma."

Ukumbi mzima ulicheka. Mkono wa kulia wa Ubwa ulikuwa ndani ya mkono wa Masoud, mpishi mkuu msaidizi wa hoteli. Masoud alikuwa ametolewa jikoni dakika hiyo hiyo. Alivaa kanzu juu ya suruali ya kazi, na vidole vyake vilinukia iliki.

"Nimekubali kumuoa Amne binti Seif kwa mahari tuliyokubaliana," alisema Ubwa.

Safari hii hata waliosimama mlangoni walisikia.

"Vizuri sana!" alisema Bi Urvi, msimamizi wa shughuli. "Wasichana, vigelegele! Halwa ipite, kahawa ifuate. Msikimbie, tembeeni!"

Huo ulikuwa mtihani wa vitendo. Chuo chao cha utalii kilifuata utaratibu wa uanagenzi. Nusu ya wiki mwanafunzi alikaa darasani, na nusu nyingine alifanya kazi hotelini kwa malipo. Hoteli hiyo ya Shangani iliandaa harusi nyingi, kwa hiyo wanagenzi walitakiwa kuandaa harusi moja kamili, kuanzia kutandika mikeka hadi kumwaga marashi. Amne alichaguliwa kuwa bibi harusi. Ubwa alijitolea kuwa bwana harusi kabla hajaulizwa.

Mwalimu kutoka chuoni alitikisa kichwa kwa kuridhika. Amne alikuwa nyuma ya pazia, kwenye kitanda kilichopambwa, mtandio wa kijani usoni. Alicheka kimya kimya.

Ndipo Riaz, mwanagenzi mwenzao aliyekaa mkekani kama shahidi, aliposema:

"Jamani, mie nimeingiwa na baridi. Ndoa haina mzaha."

"Kwani nini?" aliuliza mmoja.

"Kaka Masoud si kaka yake Amne hasa? Baba mmoja, mama mmoja? Na baba yao si ameshafariki? Basi walii wake, mwenye haki ya kumuoza, ni nani?"

Masoud alikuwa bado ameshika mkono wa Ubwa. Aliuachia kama mtu aliyeshika sufuria ya moto bila kitambaa.

*

Amne alimkuta Ubwa kwenye korido ya nyuma, mahali pa kukunjia vitambaa vya meza.

"Umesikia wanavyosema?"

"Nimesikia."

"Watu wananitazama kama nimetoka bila ya nguo. Mwalimu wetu mwenyewe hajui aniite nani."

"Amne, tulia."

"Ntulie vipi? Ijumaa wazee wa Mahfoudh wanakuja nyumbani kuleta posa. Kaka kashawakubalia. Leo nimeozwa mbele ya sinia la halwa!"

Ubwa alitazama sakafu. Wawili hao walipendana tangu muhula wa kwanza, na Masoud alijua. Alimkataa Ubwa kwa maneno machache: "Mtu gani huyu? Mguu mmoja chuoni, mguu mmoja hotelini. Akimaliza kuwa nusu, aje." Mahfoudh alikuwa mtu kamili kwa hesabu ya Masoud. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Mwanakwerekwe, na nyumba iliyokwisha kuezekwa.

"Huenda ni kheri," alisema Ubwa taratibu. "Kama ni ndoa, basi ni ndoa. Hawawezi kukuposa tena."

Amne alimtazama. Kwa kitambo kifupi moyo wake ulitaka kufurahi. Kisha ukasita, naye hakujua kwa nini.

"Mbona unalisema kama mtu aliyekwisha kulifikiria?"

"Nalifikiria sasa hivi."

*

Kikwajuni, nyumbani kwao, mama yao alikaa barazani na upepeo mkononi ingawa hapakuwa na joto.

"Masoud."

"Naam, mama."

"Nimekuzaa mimi, au nilikuokota sokoni?"

"Mama, ilikuwa kazi. Walihitaji mtu mzima mwenye kanzu. Nikasema nimsaidie mdogo wangu apate alama."

"Alama kapata. Na mume kapata. Sasa Ijumaa nitawaambia nini watu wa Mahfoudh? Karibuni, mwari wetu ana mume wa hotelini?"

"Bi Mwanakheri, punguza sauti," jirani alisema kutoka dirishani. "Tunasikia mpaka huku."

"Basi sikieni vizuri!" alijibu Bi Mwanakheri, kisha akaanza kulia.

Masoud aliingia ndani na kupiga simu.

"Ubwa!"

"Naam, kaka. Shikamoo."

"Usinipe shikamoo. Mwache dada yangu. Mwache sasa hivi, hapa kwenye simu, yaishe."

"Nimwache nani, kaka?"

"Ebo! Huna haya? Amne!"

"Nikimwacha, ndiyo nimekiri kwamba nilimuoa. Ijumaa utawapa watu wa Mahfoudh mwanamke aliyeachwa. Utawaambia kaachwa na nani? Ndoa ilifungwa lini, na nani aliyekula pilau?"

Masoud alitaka kutukana lakini alikosa tusi linalotosha. Alikata simu.

Baada ya muda mfupi ujumbe uliingia kwenye simu ya Amne. Ulitoka kwa Ubwa: "Usilie. Safari hii Mungu katufungulia mlango."

Amne aliusoma, akaanza kuandika jibu, akalifuta. Aliandika tena: "Mlango gani unaofunguliwa watu wanacheka?" Huo aliutuma.

*

Chuoni hali ilikuwa mbaya zaidi. Amne alipoingia darasani, msichana mmoja alimsogezea kiti kwa heshima ya kejeli.

"Mke wa mtu huyo! Mpisheni."

"Bi harusi, fungate umeila wapi? Darasa la huduma kwa wageni au la usafi wa vyumba?"

"Mwacheni," alisema Riaz. "Mdomo ulikuwa wangu. Ningenyamaza, leo tungekuwa tunaulizana alama tu."

"Ungenyamaza, watu wangeishi na dhambi," alijibu mwingine.

Amne alifungua kitabu chake. Maneno yaliyokuwa mbele yake yalihusu namna ya kupanga meza ya wageni wa heshima. Hakuona hata neno moja. Alihisi uso wake unawaka chini ya mtandio. Kwa mwaka mzima alikuwa ameupenda utaratibu huu. Alipenda kutoka darasani Jumatano akiwa na jambo jipya kichwani, na Alhamisi kulifanya kwa mikono yake mwenyewe mbele ya mgeni, na kulipwa. Sasa hakutaka kwenda chuoni wala hotelini. Kila mahali palikuwa na mtu aliyepiga vigelegele siku ile.

Bi Urvi alimwita ofisini.

"Mwanangu, kosa ni langu. Mimi nilisema fanyeni kila kitu kama kweli. Kwetu ukiigiza harusi, umeigiza tu. Sikujua."

"Hukukosa, Bi Urvi. Sisi tulijua, tukasahau."

Alipotamka neno "tukasahau", kile kilichosita moyoni mwake kwenye korido kilirudi. Je, wote walisahau?

*

Alhamisi alasiri, Masoud aliwachukua Amne na Ubwa hadi Chukwani kwa Sheikh Mmanga, aliyekuwa mwalimu wa marehemu baba yao. Sheikh aliwapokea sebuleni. Mkewe, Bi Nadra, aliketi karibu na Amne asibaki mwanamke peke yake.

"Shikamoo, Sheikh."

"Marahaba. Kaeni. Nimesikia jambo lenu, na nimelisikia kwa watu wengi kuliko nilivyopenda. Masoud, baba yenu amefariki. Babu yenu mzaa baba?"

"Amefariki pia, Sheikh."

"Wewe ndiye kaka mkubwa wa baba mmoja na mama mmoja. Basi walii ni wewe. Ulitamka?"

"Nilitamka." Sauti ya Masoud ilikuwa ndogo. "Nilikuwa nachekesha watu."

"Na wewe kijana ulijibu?"

"Nilijibu, Sheikh. Mara mbili."

"Mara mbili!" Sheikh alivua miwani. "Mmechezea kitu kisichochezewa. Mashahidi walikuwa akina nani?"

"Riaz na Usi wa mapokezi," alisema Masoud.

"Wote wawili walikaa mpaka mwisho?"

Masoud alikuna shingo. "Mimi nilikuwa nahangaika na maneno. Sikumtazama mtu."

"Mpigieni mmoja wao. Wekeni sauti tusikie sote."

Masoud alimpigia Riaz, akamwambia kwamba Sheikh anasikiliza.

"Assalaamu alaykum, Sheikh. Nisameheni. Mdomo wangu—"

"Mdomo wako leo utufae. Wakati Masoud anatamka, Usi alikuwa wapi?"

"Usi? Hakuwapo, Sheikh. Wageni walifika mapokezi Masoud alipoanza, Usi akaenda kuwachukulia mizigo. Aliporudi tulikuwa tunakula halwa."

"Na mahali pake?"

"Bi Urvi alikaa, Sheikh. Alisema picha isiwe na pengo."

"Bi Urvi ni nani?"

"Msimamizi wetu. Ni mwanamke, Sheikh. Na dini yake ni ya Kihindu."

Bi Nadra aliweka kiganja mdomoni. Sheikh Mmanga alikohoa kwa muda mrefu kuliko kikohozi chenyewe kilivyohitaji.

"Wanaume wengine hawakuwapo ukumbini?"

"Mimi tu, na hao wawili mliokaa nao. Wengine walikuwa wasichana na mwalimu wetu, naye pia ni mwanamke."

"Ahsante, mwanangu. Nenda kasome." Sheikh alivaa miwani yake. "Mashahidi wawili wanaume hawakutimia. Hapana ndoa. Binti huyu ni mwari wa kwao, na wewe, kijana, huna mke. Rudini nyumbani mkatubu, na msirudie."

"Alhamdulillahi," Masoud alisema, akashika kichwa kwa mikono miwili. "Alhamdulillahi. Basi kesho waje."

Uso wa Ubwa ulisawijika. Kila mtu chumbani aliuona, na Amne aliuona kabla ya wote.

"Sheikh," alisema Amne, "nna swali. Si kwako. Ni kwa huyu."

"Uliza, mwanangu."

"Ubwa. Walii wa mtihani alipangwa mzee wa getini. Alijifunza maneno yake, na kanzu alipiga pasi mwenyewe. Asubuhi ile tulimwona amekaa tayari. Kwa nini ulimfuata kaka jikoni?"

"Amne..."

"Nijibu. Ulimwambia nini mzee wa getini?"

Angeweza kusema uongo. Mzee wa getini hakuwapo, na jambo lenyewe lilikuwa limekwisha. Ubwa alitazama mkeka.

"Nilimwambia kwamba Bi Urvi kabadilisha mpango."

"Na Bi Urvi?"

"Nilimwambia kwamba mzee anaumwa."

Masoud alisimama. "Unasemaje wewe?"

"Kaa, Masoud," alisema Sheikh. "Mwache amalize. Akinyamaza sasa hatasema tena."

"Nilijua," alisema Ubwa. "Nilijua kwamba kaka ndiye walii wake, na nilijua kwamba ndoa haina mzaha. Nilisikia kwamba Ijumaa wanakuja wa Mahfoudh. Nikasema, wakifika wakute imekwisha. Mimi ndiye niliyepanga. Sikuona kwamba Usi ameondoka, kwa sababu nilikuwa namtazama kaka tu. Riaz asingesema, mimi mwenyewe ningesema."

Feni ya juu ilizunguka kwa uvivu.

"Ulinishika mkono," Masoud alisema, "nami nikacheka. Ulinichukua kutoka kwenye sufuria zangu ukanifanya nimuoze dada yangu huku nacheka."

"Nisamehe, kaka."

"Usiniombe mimi!"

Ubwa aligeuka. Ilimchukua muda kuinua macho. Alipoyainua, hakuona hasira aliyoitarajia. Amne alikuwa anaona haya, haya ya mtu aliyeguswa na kitu kichafu na hajui mahali pa kunawia.

"Wiki nzima watu wananicheka," alisema Amne. "Nikajiambia, si kitu, sote tumekosea. Kumbe mimi ndiye niliyekosewa. Ulihitaji walii, ukamtafuta. Mashahidi ukawaweka. Mimi ulinihesabu kama mkeka."

"Nilikupenda. Niliogopa kukukosa."

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza nini?"

"Ungesema, Amne, uko tayari kusimama mbele ya kaka yako na kumkataa Mahfoudh? Hayo tu. Ningekubali, Ubwa. Siku ile, kabla ya mtihani, ningekubali."

Hakusema "sasa". Ubwa alilisikia neno hilo kwa jinsi lilivyokosekana.

Amne akamgeukia kaka yake.

"Na wewe, kaka. Usimtazame yeye peke yake. Kesho watu wanakuja kuniposa. Uliniuliza lini?"

"Mimi ni kaka yako. Nakutakia kheri."

"Na yeye alinitakia kheri. Mmenitakia kheri nyote wawili, na hakuna aliyenitaka neno."

Masoud alimtazama Sheikh kama anayeomba msaada. Sheikh Mmanga hakumpa.

"Hapo kakupata," alisema. "Mwari huulizwa."

*

Ijumaa, Masoud alikwenda mwenyewe Mwanakwerekwe kabla wazee hawajafunga safari. Alirejea akiwa amechoka.

"Umewaambia nini?" mama yake aliuliza.

"Nimewaambia kweli. Kwamba niliwakubalia bila ya kumuuliza mwenyewe, na nilipomuuliza jana kasema hataki."

"Mahfoudh kasemaje?"

"Kasema afadhali leo kuliko baada ya harusi. Kanipa na soda." Masoud alikaa chini kwa uzito. "Mama, sijapata kunywa soda chungu kama ile."

Hotelini, Ubwa alikwenda kwa mzee wa getini akamwomba radhi. Kisha alikwenda kwa Bi Urvi, na baadaye kwa mwalimu chuoni, akaeleza uongo wake bila ya kuupamba. Mwalimu alifuta matokeo yake ya mtihani na kumtaka aurudie muhula unaofuata. Wenzake walihamisha kejeli zao kwake. Hakujitetea. Alibeba masinia, alifuta meza, na kila Amne alipoingia upande mmoja wa ukumbi yeye alitafuta kazi upande mwingine. Hakumwandikia ujumbe. Hakuona kwamba ana haki hata ya kumsalimu.

Miezi ilipita namna hiyo. Aliurudia mtihani, safari hii kwa chakula cha jioni cha wageni wa kawaida, na akafaulu. Jioni ya siku hiyo alikwenda jikoni na kusimama kando ya meza ya Masoud.

"Shikamoo, kaka."

Masoud aliendelea kukata vitunguu. "Marahaba. Sema."

"Nataka kuleta wazee wangu nyumbani kwenu."

"Usiniulize mimi. Nshajifunza. Muulize yeye, na ukimuuliza, simama mbali."

Alimkuta Amne uani, akihesabu glasi zilizooshwa. Alisimama mbali kweli, karibu na mlango.

"Amne, nimekuja kuuliza. Sikuuliza mara ya kwanza. Unaweza kusema la, na sitakuja tena."

"Umekaa miezi yote hii hukunisemesha."

"Nilikuwa naona haya."

"Na sasa?"

"Bado."

Amne aliweka glasi mezani, akaitazama kama ina ufa.

"Lete wazee wako. Jibu nitalitoa huko, watu wakiwapo. Mara ya kwanza niliaibika mbele ya watu."

"Hata kama ni la?"

"Hata kama ni la. Utakuja?"

Ubwa alijua maana yake. Ami yake, mama yake na majirani wangekaa na kusikia. Alikubali kwa kichwa.

*

Siku ya posa nyumba ya Kikwajuni ilijaa. Wanaume walikaa ukumbini, wanawake chumbani, na pazia likawa katikati. Ami yake Ubwa alisema maneno ya posa kwa ufasaha. Kisha Masoud aliinuka, akasimama kwenye pazia, na akauliza kwa utaratibu wote:

"Amne, mdogo wangu. Ubwa kaleta posa. Mimi sijawajibu kitu. Unasemaje?"

Wanawake walijua kinachofuata. Mwari akiulizwa hunyamaza, na kimya chake ndiyo ridhaa yake. Bi Mwanakheri alikuwa ameshavuta pumzi ya kupiga kigelegele.

"Mama, subiri," alisema Amne.

"Nyamaza, mwanangu. Ukinyamaza yamekwisha."

"Ndiyo maana sinyamazi."

Chumbani minong'ono ilipanda. Shangazi mmoja alisema, "Lo! Msichana wa siku hizi!" Ukumbini Ubwa alifumba macho. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, na hakulifuta.

"Kaka," sauti ya Amne ilipita kwenye pazia, safi na bila ya haraka, "namtaka. Namtaka mimi mwenyewe, na nimeulizwa. Ndoa isubiri mpaka nimalize chuo. Akiweza kusubiri, mpe mkono."

Kigelegele cha Bi Mwanakheri kilichelewa kidogo, kwa sababu ilibidi kwanza amalize kushangaa.

Ami alimgusa Ubwa bega.

"Kijana, mbona umeinama? Umekubaliwa."

"Naona haya, ami."

"Haya ya nini tena?"

Masoud alikaa mbele ya Ubwa na kumnyooshea mkono.

"Kaa nayo hiyo haya," alisema. "Usiitupe. Itakufaa ukishaoa."